Mbuzi, Mananasi na Mstari

Juzi, kwenye ofisi ya kilimo hapa Bagamoyo, nilikuta mke na mume wakibishana. Mume alitaka mbuzi wauzwe, eti samadi yao haikuzi mananasi. Bwana shamba akachora nukta, moja kwa kila tuta: samadi ikiongezeka kwenda kulia, uzito wa mananasi kwenda juu.

"Nikipitisha mstari katikati ukalala, mzee, uza. Ukipanda, samadi inasaidia."

Akaweka rula. Mstari ukapanda! Mimi, niliyezikimbia hesabu hadi ng'ambo, nikapiga makofi kama goli limeingia.

Mume akabonyeza kidole kwenye nukta iliyobaki chini peke yake. "Na hii, mama watoto?"

"Hiyo? Tuta ulilopalilia wewe."

Mbuzi wamenusurika. Kuhusu mume, bado nasikilizia.