Mavumbi ya Nyota na Mlango wa Kanisa

Habari ilinikuta sokoni Nunguni: mwalimu wa fizikia, niliyefundisha naye shule moja kule Tawa, amefariki. Kabla sijauliza aliugua nini, aliyenipa habari akaongeza kwamba wazee wa kanisa hawajakubali jeneza lake liingie kanisani. Msomaji wangu wa Ukambani anajua uzito wa hilo. Mshiriki aliyetengwa huzikwa na jamaa zake tu, bila mchungaji wala kwaya, na mjane hubaki na aibu. Niliumia sana.

Kosa lake lilikuwa masizi. Miaka ya sabini aliwasha koroboi darasani, akashika sahani ya bati juu yake. Moshi ulipopanda na kupoa, ukaacha masizi. Nyota nayo ikizeeka, akawaambia wanafunzi, huvimba na kupumua gesi, na gesi hiyo ikifika mbali na joto hupoa ikawa chembe za vumbi. Kisha akaipuliza sahani kwa nguvu. Masizi mengi yakaruka, machache yakang'ang'ania. Vivyo hivyo, akasema, nyota kubwa hufa kwa mlipuko unaosagasaga vumbi lake lenyewe. Linalopona husafiri, hukusanyika na vumbi jingine, na baada ya muda mrefu mno huwa ardhi, huwa mahindi, huwa sisi. Somo zuri. Lakini kufika jioni, Tawa nzima ilikuwa imesikia kwamba Adamu alitoka kwa nyota.

Kamati ya kanisa ikamwita, nami nikiwa mshiriki nilikuwepo.

"Mwalimu, ni ukweli unaambia watoto Adamu alitoka kwa nyota?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mzee. Naambia wao hayo mavumbi yalitoka wapi. Mwenye aliyachukua akaumba mtu, nyinyi mnamjua na mimi namjua."

"Basi sema ulikosea, tumalize hii maneno."

"Nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya, mzee. Na ni nyinyi mlinifundisha nisidanganye."

Wakamtenga na meza ya Bwana. Angeweza kuhamia kanisa jingine, maana Ukambani hatujawahi kupungukiwa na makanisa. Yeye aliendelea kuja kila Jumapili, mkate na kikombe vikimpita, mpaka akaota mvi. Mpaka leo sielewi tuliogopa nini. Watu tuliofundishwa tangu utotoni kwamba sisi ni mavumbi, tungekuwa wa kwanza kutaka kujua mavumbi hayo yamepitia moto gani.

Siku ya mazishi, mjane alisimama na jeneza nje ya mlango uliofungwa. Mwenyekiti yule, sasa mkongwe wa mkongojo, aliweka mkono juu ya jeneza.

"Huyu alikataa kudanganya sisi," akasema. "Atadanganya Mungu namna gani? Fungueni."

Mlango ukafunguliwa, kwaya ikaanza, mjane akalia kwa sauti. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikaniuma. Tusingoje mtu abebwe ndipo tumfungulie.