Nilibuni kidude cha kushikilia chupa ndani ya glasi, kikamchukua niliyempenda

Wakuu, habari za Jumapili. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu nadhani mmebaki wachache.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Mwanza, enzi za Ujamaa. Sina cha kuongeza wala kupunguza. Walioshuhudia wengi wameshatangulia, kwa hiyo mtanivumilia nikisimulia peke yangu.

Nilikuwa fundi bati kwenye karakana ya ushirika pale Igogo. Ndoo, koroboi, mabirika, ndiyo kazi yetu. Nina miaka ishirini na nne, sijaoa, mkimya kupita kiasi.

Siku moja akaja dada na birika linalovuja. Aliitwa Koku, Mhaya, mwalimu wa shule ya msingi, akiishi na baba yake mtaa wa juu yetu. Nikaliziba. Wiki iliyofuata nikajikuta naomba kitu kingine kwao kitoboke.

(Vijana, enzi zile hakukuwa na namba ya simu ya kuomba. Ulisubiri chombo kiharibike.)

Kikatoboka. Sufuria. Nikajitolea kulipeleka mwenyewe nyumbani kwao.

Baba yake, mzee Kaijage, alikuwa karani mstaafu. Mikono yake ilitetemeka, na si kidogo. Akishika chupa kumimina, nusu inaishia mezani.

Nikakaribishwa soda, na soda zenyewe zilikuwa za kutafuta. Mzee akasema yeye keshakunywa.

Wakati ananisindikiza, Koku akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee husema hivyo kwa kila mgeni. Hataki kunyweshwa na binti yake mbele ya watu. Kanisani ameacha kwenda. Ndugu zake wa kwao Muleba, upande wa Bukoba, wamemwita mara nyingi, anakataa, kwa sababu kule kila nyumba utakayoingia utawekewa kinywaji.

Nikaondoka na hilo kichwani.

Jibu nililipata kwa mama yangu. Alikuwa akinywesha vifaranga kwa chupa ya maji aliyoigeuza kichwa chini kwenye kisahani. Maji yakifunika mdomo wa chupa, hayashuki tena. Vifaranga wakinywa, chupa inaongeza yenyewe.

Nikajiuliza, kwa nini isiwe glasi? Chupa ikae kichwa chini ndani ya glasi, mzee anywe kwa mrija, mikono yake ibaki mapajani.

Shida ilikuwa kuishikilia chupa. Nikachukua spoku za baiskeli. Nikakunja pete ya kukamata shingo ya chupa, na miguu mitatu ya kung'ang'ania ukingo wa glasi. Nikavisha vipande vya tyubu ili isiteleze.

Jumamosi ya kwanza nilipokwenda kwao kukijaribu, glasi ilipinduka na chupa yake.

Ya pili soda ikaumuka, povu likafurika hadi kwenye suruali yangu. Koku akacheka mpaka akakaa chini. Mzee naye akacheka. Koku aliniambia hajamsikia akicheka vile tangu mama yake afariki.

Tukatafuta glasi yenye kitako kizito. Soda tukawa tunaifungua mapema gesi ipungue, na chupa nikailaza kidogo upande. Koku aliitegesha jikoni, ikafika mezani tayari. Mrija ulikuwa kikonyo cha jani la mpapai.

Hapa niseme ukweli wote. Kile kidude kilikuwa sawa kufikia wiki ya sita. Mimi nilikwenda miezi minne. Mara nabadilisha mpira, mara naona mguu mmoja umelegea. Nilikuwa naulegeza mwenyewe.

Nilikaa pale sebuleni nikimsikiliza Koku akisahihisha madaftari kwa sauti, na nikatamani Jumamosi isiishe.

Jumamosi moja mzee alimaliza soda nzima mbele ya wageni wawili. Hakumwaga hata tone. Walipoondoka akaniambia, "Kijana wangu, sasa naweza kwenda nyumbani."

Nilidhani anakwenda kusalimia. Alikuwa anahama. Koku akaomba uhamisho amfuate, maana asingemwacha baba yake.

Nikawasindikiza bandarini, meli ya Bukoba. Mzee alikuwa ametangulia hatua chache, kile kidude amekifunga kwenye kitambaa na kukitia mfukoni mwa koti.

Koku akanigeukia. "Fundi, zile Jumamosi zote ulikuwa unakuja kwa ajili ya mzee tu?"

Wakuu, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu siku ya birika.

Nikasema, "Ndiyo."

Akanitazama kidogo. "Basi asante kwa niaba yake." Akapanda.

Baada ya mwaka hivi nikapata barua ya Koku. Mzee anakwenda kanisani, anakaa na wenzake, anakunywa juisi ya ndizi mbele za watu. Ila mguu mmoja wa kidude umekatika, naombwa nimweleze fundi wa kule namna ya kuukunja.

Nikachora mchoro safi kabisa, na vipimo vyote. Nikautia kwenye bahasha. Sikuandika neno lingine.

Hakuandika tena.

Baadaye nilioa, tukazaa, tukajenga huku Buhongwa. Mke wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na simpunguzii heshima kwa kuandika haya. Lakini zipo Jumamosi mchana nyumba inakuwa kimya, najikuta natega sikio nimsikie mtu akisahihisha madaftari.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa hodari wa kutengeneza vitu, nikadhani vitanisemea. Havisemi.

Kama nawe una mtu unayempelekea visingizio badala ya neno, andika hapa chini umefikia wapi.

Na kama humu yumo mtu wa Muleba anayemjua mwalimu mstaafu aitwaye Koku, usimsumbue kwa ajili yangu. Niambie tu kama yu hai.