Marumaru za Shemeji

Zamani dereva alilizunguka gari lake kabla ya safari, akigusa kila tairi. Siku hizi anasimama mbele yake apigwe picha, kisha anaondoka.

Mama Taratibu alikuwa wa zamani. Tuliishi ukuta kwa ukuta. Pikapu yake ilikokota tela la kulala, lenye kitanda, jiko la gesi, kabati na dirisha la pazia la maua. Mumewe alichora mabango ya maduka. Walizunguka mji hadi mji, mke akiendesha, mume akichora, nyumba yao ikiwafuata nyuma. Jina lile walimpa madereva wenzake kwa kejeli, eti anatambaa. Baadhi ya waliomcheka nimekwenda kuwazika.

Mume alipopooza mguu, wakaamua kuhamia kwa binti yao, ng’ambo ya milima. Hapo ndipo nilipowajua ndugu.

Asubuhi ya safari mdogo wa mume alifika na mkokoteni umejaa maboksi ya marumaru. Anajenga huko huko walikokuwa wanahamia. Dada yao naye akaja na geti la chuma. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

“Shemeji, si mnakwenda tupu?”

“Tupu? Mimi na kaka yako tumekuwa hewa?”

“Lakini nafasi ipo! Humo ndani mtu anaweza kucheza mpira.”

“Nafasi ipo, uzito umekwisha. Jana nimelipitisha tela mizani na vyombo vyetu tu, limefika kikomo cha uzito pikapu inaoruhusiwa kuvuta.”

“Gari hili lina nguvu za tembo, bwana!”

“Kuvuta litavuta. Mteremkoni utalisimamisha wewe?”

Wifi akasonya. “Kaka yangu, hukuoa mke, umeoa askari wa barabarani.”

Mama Taratibu aliingia ndani kumvisha mumewe. Hata mlango haujatulia, wale wawili wakaanza kupakia. Walirundika maboksi mkiani kabisa mwa tela, geti wakalisukuma chini ya kitanda, kisha wakafunika kwa mablanketi ya Mama Taratibu mwenyewe. Nilipiga kelele ukutani.

“Nyie! Mtaua watu!”

“Mzee, rudi kwenye magazeti yako,” shemeji akanijibu, na dada yake akacheka mpaka akashika kiuno.

Mama Taratibu akatoka, mume amemwegemea. Akamkalisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Kisha akaanza mzunguko wake: tairi, taa, minyororo. Mwisho akashika shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye pikapu na ambayo bado hakuwa ameifunga, akaipima kwa mikono kama kawaida yake. Siku zote ilimlemea. Siku hiyo iliinuka kama kifuniko cha sufuria.

“Nani ameweka kitu nyuma?”

Nikawanyooshea kidole wale wawili. Shemeji akatazama viatu vyake.

Tela likilemewa mkiani, shingo inakuwa nyepesi, na likishika mwendo huanza kuyumba huku na huku mpaka linaliburuta gari linalolivuta. Nimeliona hilo mara moja barabarani. Sitaki kulieleza.

Akafungua mlango, akaanza kushusha boksi moja moja. Ndugu walikunja mikono. Nikazunguka ukuta na magoti yangu haya mabovu, tukasaidiana kulitoa geti.

“Ukishusha mzigo wangu,” shemeji akasema, “usituhesabu tena ndugu.”

Mke akasimama, boksi mikononi, akamtazama mumewe dirishani. Mgonjwa yule, ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa, akasema neno moja.

“Shusha.”

Akashusha. Akapima shingo tena, ikamlemea. Akaifunga, akapitisha minyororo, akatikisa, akarudi kutikisa tena.

Mpaka leo wifi anatangaza kwamba yule mwanamke alimtenga kaka yao na ukoo. Kwamba alimfikisha mzima kwa binti yake, hilo halitoki kinywani mwake. Kwake marumaru na kaka vimelingana!

Mara ya mwisho kuwaona walikuwa wanaishia kona ya mtaa. Tela lilikuwa limenyooka nyuma ya pikapu, pazia la maua halitikisiki. Alipogusa breki, taa za pikapu na za tela ziliwaka pamoja. Nilipunga mkono peke yangu. Wenye ndugu yao walikuwa wameinama vumbini, wanafungua maboksi kutafuta marumaru zilizopasuka.