Ngomeni, Si Ngomani

Dada yangu ni fundi cherehani. Ameshona sare za shule za watoto wa mtaa mzima, wakiwemo hao ambao leo hawavai ila nguo za dukani. Miguu imemvimba kwa kukanyaga pedali na sikio la kushoto limeanza kumgomea, lakini mshono wake bado umenyooka. Kwa cherehani hiyo aliwalea wanawe wawili baada ya mumewe kufia gerezani, wao wakiwa bado wadogo.

Zamani, ukiwa na neno na mzazi wako, uliketi ukalisema mpaka likaisha. Siku hizi neno linarushwa kutoka mlangoni, funguo za gari mkononi. Ndivyo alivyofanya mpwa wangu, karani wa benki.

"Mama, Jumapili ijayo sote ngomeni! Uvae vizuri, tutapiga picha!"

Huyo, kaondoka.

Dada alisikia "ngomani." Angesikia nini kingine? Lile jengo la mawe lililo juu ya bahari, sisi wa rika letu hatukuliita ngome hata siku moja. Tuliliita gereza, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Ngome ni jina lililokuja na kibao, baada ya wafungwa kuhamishwa na kuta kupakwa rangi ili wageni wapendezwe.

Jumamosi nilikwenda kupunguziwa suruali, nikamkuta anamalizia gauni la maua makubwa.

"Mdogo wangu, wanangu wananipeleka ngomani. Na magoti haya!"

"Ngoma ya nani?"

"Sijui. Nikiuliza wataniona mshamba. Mimi nitakaa kwenye kiti, nitikise mabega basi."

Binti yake, muuguzi, aliyekuwa akikunja nguo za wateja, akaangua kicheko. "Mama jamani! Ngo-me-ni. Kwenye ngome. Hebu tazama." Akamwekea simu yenye picha ya lile jengo mbele ya macho.

Dada alitazama. Kisha kidole chake kikagusa kilango cha pembeni, chini ya ukuta.

"Hapa ndipo walipokuwa wakipokea chakula chetu," alisema. "Siku moja askari akanirudishia bakuli limejaa vilevile. Bakuli ndilo lililoniambia."

Kicheko kilikatika. "Mama, baba alikuwa humu? Si umesema siku zote gerezani?"

"Kwani hili ni nini?"

Masikini binti. Tangu utotoni, kila akipita lile gereza jipya la nje ya mji, la uzio wa waya, aliinamisha kichwa kwa ajili ya babaye. Kumbe miaka yote hiyo aliheshimu ukuta usiomhusu.

Akampigia kaka yake, akaiweka simu sauti ya juu ili sote tusikie. Karani hakukosa jibu, hao hawakosi.

"Mama, hayo ni ya kale. Pamebadilika kabisa. Vyumba vyote viko wazi, kuna mkahawa, mtu anaingia na kutoka apendavyo."

"Anatoka apendavyo?"

"Kabisa, Mama."

"Basi wamechelewa."

Karani akakohoa. "Lakini wenzangu wa kazini wanakuja na mama zao. Nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako alishafika."

Jumapili karani alikwenda na hao wenzake. Dada yake, yule muuguzi, hakwenda. Alishinda nyumbani, akamwomba mama amweleze yote tangu mwanzo: babaye alikamatwaje, aliugua nini, amezikwa wapi. Dada yangu alitunga uzi kwenye sindano. Akasema baba alikuwa mrefu, alipenda mzaha, na mengine ameshayasahau.

Hajasahau hata moja. Namjua. Ila kwa miaka mingi alikuwa tayari kusema, na hapakuwa na mtu wa kuuliza.