Kopo Lililofungwa kwa Fundo la Wavu

Tarehe 9 Machi 1992, ofisi ya afya ya manispaa ilimpa Seline Aoko cheti cha kupika chakula cha kuuza, cha sita mfululizo. Zadock, mwenye hoteli karibu na soko la Kibuye, alikitundika ukutani juu ya jiko. Jumatatu iliyofuata, Zadock huyo huyo alimwita nje na kumwambia asiingie jikoni.

"Mama Milka, pumzika kidogo. Watu wakisahau, utarudi."

"Wakisahau nini?"

Zadock alitazama viatu vyake. Alieleza kwamba Jumamosi watoto watatu walitapika baada ya bathdei ya Dalmas kule Migosi. Lornah, mamake Dalmas, alikuwa akiwaambia wazazi kwenye lango la shule kwamba walikula madonge ya simsim yaliyotoka Manyatta, mtaa anaoishi Seline. Asubuhi hiyo mteja alikuwa ameuliza kama aliyeyapika ndiye anayepika hapa.

Ndiye. Bintiye, Milka, alisoma darasa moja na Dalmas, na kila alipoalikwa bathdei Seline alimfungia zawadi ya kula. Gari la plastiki huchezewa na mtoto mmoja, alikuwa akisema, lakini donge la simsim wanakula wote, hata aliyekuja mikono mitupu. Ijumaa alikaanga simsim, akaitwanga, akaikanda na asali, akaviringa madonge thelathini. Aliyatia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akalifunga uzi kwa fundo la wavu alilofundishwa na baba yake, Obiero, mvuvi wa Dunga. Jumamosi jioni Milka alirudi akisema yamekwisha yote, na watoto wameomba mengine.

Seline hakwenda nyumbani hata kuvua aproni. Alishika njia ya Migosi kwa miguu, akapita kwanza kwa Rehma, ambaye binti yake Safia alikuwa mmoja wa waliotapika. Rehma alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: mifereji ilikuwa mikavu tangu Alhamisi, na juisi ya bathdei ilikorogwa kwa maji yaliyonunuliwa kwa mwenye mkokoteni, bila kuchemshwa. Safia alikunywa vikombe vitatu. Yeye Rehma alikuwa amenyamaza, alisema, kwa sababu hakutaka kumwaibisha Lornah mbele ya wageni wake.

"Kwa hiyo mkaona heri niaibike mimi," Seline alisema, akatoka.

Alipofika kwa kina Dalmas, Lornah alimvutia kiti. Seline alibaki amesimama. Alikuwa amekuja na maneno yake kuhusu maji, lakini hakuyatoa, kwa sababu juu ya kabati la vyombo, nyuma ya chupa za chai, aliliona kopo lake. Alilishusha mwenyewe. Lilikuwa zito vile vile alivyolituma. Uzi ulikuwa mahali pake, na fundo lile hakuna mtu Migosi ambaye angelifungua na kulifunga tena.

Alielewa mambo mawili kwa pamoja. Hakuna mtoto aliyeonja simsim yake. Na Milka, mwenye miaka minane, alikuwa amekaa hapo mchana kutwa akingoja kopo lishushwe, kisha akarudi nyumbani kumdanganya mamake ili asiumie.

"Mama Dalmas, liliwaumiza vipi watoto likiwa juu ya kabati?"

Lornah alisema kulikuwa na keki ya kununua, na wageni kutoka ofisini kwa mumewe, na meza ilikuwa imejaa. Watoto walipougua, watu waliuliza ni chakula gani kilitoka nje, naye akataja simsim. Alidhani msichana wa kazi alikuwa amewagawia. Hakuangalia. Alisema angemtuma msichana huyo huyo awaeleze wazazi.

"Ulisema kwa mdomo wako. Utasahihisha kwa huo huo. Nyumba kwa nyumba, halafu kwa Zadock."

"Na nikikataa?"

"Nitapita mimi na kopo. Nitaanza ofisini kwa bwana yako."

Kesho yake saa tatu asubuhi, Lornah alibisha mlangoni kwa Rehma, kopo mkononi, uzi haujafunguliwa. Seline alisimama hatua mbili nyuma yake. Zilibaki nyumba kumi, kisha hoteli ya Zadock.