Kitambaa cha Golini Kisoko

Nilivuka mpaka kwenda Tororo kwa sababu moja tu: kuinusuru timu ya chuo chetu. Tangu muhula uanze tulikuwa tumefungwa kila mechi, nyumbani na ugenini, kwenye jua na kwenye tope. Mkuu wa chuo alituita akasema hana haja na timu ya kufungwa. Mechi ya mwisho, ile ya Kisoko huko Tororo, tukikosa hata sare, anaivunja. Mimi ndiye niliyekuwa kipa. Chuoni niliingia kwa mpira, si kwa alama, na timu ikivunjwa ningerudi kwetu Butula kukata miwa. Nawasimulia safari hiyo ninyi ndugu zangu wa Butula kwa sababu mmeniuliza mara nyingi na mimi nimekuwa nikiwakwepa.

Asubuhi tulikusanyika Busia, upande wa Kenya. Kocha wetu, Madam Nekesa, ambaye darasani anafundisha ushonaji, alituombea kwa sauti kubwa. Kabla hajafika kwenye amina, nahodha Barasa alininong'oneza sikioni.

"Kipa, unajua wale wasee wa Kisoko huzika vitu kwa gate? Ukikanyaga tu, mikono inalegea."

"Nani amekuambia?"

"Kila mtu anajua, bro."

Nilicheka, lakini mikono nikaitia mfukoni, na sikuitoa mpaka tulipofika mpakani.

Mpakani tulivuka kwa miguu katikati ya malori. Ofisa wa upande wa Uganda alizikagua karatasi zetu, akatukagua na sisi.

"Nyinyi nakwenda wapi?"

"Kisoko, afande. Kucheza mpira."

"Kisoko?" Akagonga muhuri. "Haya. Mungu asaidie."

Alikuwa anatutakia heri tu, sasa najua. Siku ile nilisikia kama anatuaga.

Buteba tulipita tukiimba juu ya kanta, lori dogo la kukodi. Watu walikuwa wakipalilia mihogo, na kila aliyesimamisha jembe kututazama nilimwona kama mtu anayetupa pole mapema. Busitema dereva alisimama tununue chapati. Wanafunzi wa pale waliona jezi zetu, mmoja akaja karibu.

"Nyinyi ndio ile timu ya kufungwa kila siku?"

"Ndiyo sisi," Barasa akajibu kwa hasira.

Kijana yule akarudi nyuma, na wenzake wakarudi nyuma. Nilidhani wanatudharau. Kuanzia hapo hakuna aliyeimba tena, na mwamba wa Tororo ulipojitokeza mbele yetu, mkubwa na mweusi, Barasa aligeuza uso asiutazame.

Kisoko tulifika jua likiwa kali. Uwanja ulizungushiwa ua wa michongoma, na geti lilikuwa wazi kabisa, bila mtu. Hapakuwa na mlinzi wala mtoto wa kuchungulia. Wenyeji tuliwaona kwa mbali, tayari wako uwanjani wanapasha misuli. Chini ya geti udongo ulikuwa umechimbuliwa, labda na kuku. Hakuna aliyetaja kuku.

"Madam, hapa hatupiti," Barasa alisema.

"Mimi ni mtu wa kanisa. Mambo hayo siyaamini," Madam Nekesa akajibu. Akalitazama geti. Akautazama ule udongo. "Lakini kwa nini tujitie majaribuni? Nishikieni kibeti."

Tukapita kwenye michongoma, timu nzima na mwalimu wetu. Barasa alichanika paja, damu ikamtiririka mpaka kwenye soksi. Wenyeji walituletea maji ya kunywa kwenye jerikeni. Tulishukuru na hatukunywa.

Kabla ya mechi niliyakagua magoli, kama makipa wote wanavyofanya. Goli la upande wa pili, penye shamba la mihogo, lilikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa wavuni, chini ya mwamba wa juu, ncha yake ikining'inia. Niliogopa, tena sana. Nashukuru kipindi cha kwanza goli lile lilikuwa la kipa wao, kijana mrefu aliyeitwa Owor. Tulicheza kama watu waliobanwa ukutani, na mapumziko yalifika hatujafungwa. Haikuwa imetokea muhula mzima. Sare ilikuwa mkononi.

Kipindi cha pili kitambaa kikawa nyuma yangu. Midomo ilikuwa imekauka, miguu ya wenzangu ilianza kukaza kwa kiu, lakini tulishikilia. Mwisho ukikaribia, winga wao alipiga krosi mbovu. Mpira ulidunda ukaja kwangu taratibu, mpira ambao hata bibi yangu angeuokota. Nilirudi nyuma kuupokea. Kitu kikanigusa shingoni.

Niligeuka.

Nilipogeuka tena, mpira ulikuwa wavuni, na Barasa amekaa chini ameshika kichwa.

Baada ya filimbi Owor alinijia. "Kwa nini wewe naangalia nyuma?"

Nikamwonyesha kitambaa.

"Hii? Hii ni ya mama yangu. Ng'ombe natoboa wavu, mimi nafunga shimo." Akakifungua. Kipande cha kitenge kilichopauka, kinanuka moshi wa jikoni. "Chukua, uangalie. Hakuna kitu ndani."

"Na pale getini mmezika nini?"

Owor alinishangaa. "Geti? Sisi leo hapana pita geti. Sisi naingia na shamba ya mihogo. Watu nasema timu ya kufungwa mechi yote nabeba mkosi, naacha kwa mlango ya wenyeji. Sisi naogopa nyinyi, ndugu yangu. Sana."

Niliitazama miguu yake. Majani ya mihogo yalikuwa bado yameng'ang'ania soksi.

Jioni tulitoka kwa geti, mimi na Owor tumetangulia. Hakuna mkono uliolegea. Njiani mpaka Busia Madam Nekesa alikuwa akimtoa Barasa miiba kwa sindano yake ya darasani. Mkuu wa chuo alitimiza neno lake, nami nikarudi kwenye miwa.

Nilichojifunza ni kwamba watu wawili wanaweza kuogopana mpaka njia ikabaki tupu katikati yao. Nililia kwa hilo, sifichi.

Kitambaa cha mama yake Owor, alichoniachia siku ile, nimekifunga kwenye goli letu hapa Butula, maana wavu wetu nao una shimo. Jumamosi iliyopita timu ya kijiji cha pili ilikuja. Walifika njiani, wakakiona, wakasimama wakinong'onezana. Niliwapungia mkono, nikawaita: "Karibuni, jamani, piteni! Ni kitambaa tu!"

Wakapita kwenye miwa.