Siku Tuliyomvalisha Mzimu Kitenge

Wiki iliyopita vijana watatu wa chuo cha pale Makumira waliingia kwenye kibanda changu cha kushonea, hapa Usa River, wakaniambia wanataka nguo ya mzimu. Nikacheka. Nimeshona sare za kwaya, mapazia ya hoteli, hata koti la mbuzi wa maonyesho, lakini mzimu hajawahi kuja kupimwa.

"Wa kike au wa kiume?" nikauliza.

"Wa kike, dada. Bibi harusi aliyekufa zamani."

"Kiuno chake inchi ngapi?"

"Mizimu haina kiuno," akajibu yule mwenye miwani. "Wewe shona tu ining'inie."

Wakanieleza kwamba wamechukua hadithi ya kale ya kutisha, ya kitabuni, wanaigeuza kuwa filamu fupi, na wataipiga kwenye shamba moja huko Nduruma. Sasa mimi filamu ikitajwa nasahau hata mguu uko kwenye cherehani. Niliishia kidato cha pili, lakini kuota hakuna karo. Nikaanza kuwamwagia ushauri: moshi wa magunzi mabichi unashinda ule wa dukani, majivu usoni yanashinda poda, na mzimu asionekane miguu. Wakatazamana. "Dada, kumbe ushawahi kutengeneza?" Nikasema ndiyo, moja tu. "Inaitwaje, tuitafute?" Nikainama chini ya meza kama mtu anayetafuta sindano, nikakaa huko mpaka wakabadilisha mazungumzo.

Wao sikuweza kuwaambia. Wewe nitakuambia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiishi na bibi Maji ya Chai, upande wa juu wa barabara, ambapo mabasi ya Moshi unayasikia lakini huyaoni. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, jiko likiwa peke yake nyuma, la mbao na udongo, jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Mle ndani kulikuwa na mafiga matatu, kuni zikikaushwa juu ya dari, na harufu ya kiburu, ndizi na maharage yanayopikwa chungu kimoja na kuchelewa kuiva. Mwezi wa sita mlima Meru unajifunika blanketi la mawingu wiki nzima, baridi inashuka mpaka kwenye vidole vya miguu, na sisi watoto tulikuwa tunagombania kiti kilicho karibu na moto. Kazi zangu zilikuwa kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji na kumenya ndizi. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu mwaka mzima, hata kanisani.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kitabu kisicho na jalada. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, alitusomea humo hadithi moja ya kutisha kidogo kidogo. Ilikuwa ya mwanamke aliyekufa akaacha mtoto mchanga. Kila jioni moto ukiwashwa, mwiko ulianza kukoroga chungu wenyewe, na mtoto aliyekuwa akilia ananyamaza. Mama hakuonekana sana na hakusema neno hata moja. Mwalimu alikuwa anafika mahali pa kutisha, anafunga kitabu, anasema, "Nendeni nyumbani, msikimbie." Tulikimbia. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo hakuna aliyejua iliishaje, na yeye alikataa kubuni. Alituambia jambo moja nililolikumbuka vizuri kisha nikalipuuza: "Mzimu akishasema, hofu imekwisha."

Ndipo mjomba wangu wa bodaboda akanunua simu ya kupiga video. Akija kula alasiri alikuwa analala kidogo kwenye kochi, na simu inabaki mezani. Nikamwambia rafiki yangu, msichana mrefu kuliko wote darasani, kwamba tunaigeuza ile hadithi kuwa sinema. Yeye atakuwa mzimu. Mimi nitaamrisha.

"Kwa nini mimi mzimu na wewe bosi?" akauliza.

"Kwa sababu wewe mrefu."

"Na wewe mfupi ndiyo ubosi?"

"Ndiyo. Shika majivu hayo, jipake."

Tulijaribu mara mbili, haikutisha. Tulikuwa na mwiko uliofungwa uzi, moshi wa magunzi tukikohoa wote, lakini hatukuwa na mtoto. Na mtoto alikuwepo hapo hapo kwetu.

Alikuwa binti wa jirani, anakaribia miaka minne. Baba yake aliuza viatu vya mitumba sokoni, na mchana kutwa mtoto alishinda kwa bibi. Mama yake alikuwa amefariki wakati wa mvua za masika, miezi miwili tu nyuma. Walimzika migombani nyuma ya nyumba yao, kama wanavyozikwa watu wetu wa asili ya Kilimanjaro, na mtoto aliambiwa mama amesafiri. Watu wazima huku kwetu husema hivyo. Siku ya kugawa nguo za marehemu, bibi alipewa kitenge kimoja, cha zambarau chenye majani ya njano, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Hakukivaa. Alikiweka sandukuni.

Nikakitoa sandukuni, nikamfunga rafiki yangu.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Si kweli, nilijua. Nilijua kitenge ni cha nani na nilijua mtoto atakitambua. Ndiyo maana nilikichagua. Nilitaka uso wake uwe wa kweli kwenye simu. Rafiki yangu aliponiuliza, "Hiki si cha mama yake huyu?" nilimwambia asimame vizuri.

Tukamweka mtoto kwenye kigoda karibu na moto, tukamwambia atulie, kuna kitu kinakuja. Nikatupia magunzi. Moshi ukajaa, rafiki yangu akatokea mlangoni kichwa ameinamisha, mwanga wa saa kumi ukiwa nyuma yake, kitenge kikionekana kabla ya mtu. Nilitegemea mtoto apige kelele. Alisimama, akatembea taratibu ndani ya ule moshi, akakishika kitenge kwa mikono miwili, akasema, "Mama, umechelewa."

Rafiki yangu aliniangalia. Nilikuwa nimemwandikia neno la kusema, maana niliona sinema ya mzimu bubu haina utamu, hata kama mwalimu alikataza. Nikamfanyia ishara kwa kidole: sema. Akasema, "Kesho nitakuja tena, mwanangu." Kisha akarudi nyuma akapotelea migombani, nami nikabonyeza kuzima, moyo unadunda kwa furaha. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ilikuwa furaha.

Nilimwomba mjomba simu siku moja, na video iliangaliwa na darasa zima. Wanafunzi wakubwa waliotuita washamba waliitazama mpaka mwisho. Mwalimu mwenyewe aliitazama mara moja, akanirudishia simu, akauliza tu, "Huyu mtoto ni wa nani?" Nikaitia simu mfukoni, na yeye akaenda zake.

Kesho yake baada ya kuipiga, saa kumi, mtoto alikwenda akakaa kwenye kile kigoda. Bibi akadhani baridi. Keshokutwa pia. Siku ya tatu alikataa kumaliza ndizi zake, akazifunika kwa sahani nyingine. Bibi akamuuliza anamwekea nani. Akamwambia ni mama, aliyekuja jikoni na kitenge chake.

Bibi hakunipiga. Heri angenipiga. Alikaa kwenye gogo la kuni, kitenge kiko mapajani, kinanuka moshi, kisha akasema, "Mtoto hasahau alichoahidiwa. Mkubwa ndiye anayesahau." Jioni ile akachuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. Kwa watu wetu isale ndilo jani la kuombea msamaha. Aliyekosewa akiletewa, hata kama ana hasira ya kuua, hulipokea.

Tulimkuta jirani akipiga rangi viatu vya kuuza kesho yake. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, isipokuwa kwamba nilikichagua kitenge kwa makusudi. Alinisikiliza brashi ikiwa mkononi. Mwishowe akalipokea jani.

"Nimepokea, mama," akamwambia bibi. "Siwezi kukataa isale." Kisha akanigeukia. "Lakini mwanangu hajui maana ya jani. Yeye umwambie mwenyewe. Mwambie hakuwa mama yake."

"Ndiyo, baba."

"Kesho."

"Ndiyo."

Kesho yake nilikaa naye jikoni. Nikaanza, "Unajua yule aliyekuja..." Akaniangalia kwa macho ya kunihurumia, akaniambia kwa kunong'ona nisiwe na wasiwasi, mama atakuja, njia ni mbali tu. Nikamchambulia karanga. Jirani aliporudi aliniuliza kama nimesema. Nikasema nimesema. Baada ya wiki alimpeleka mtoto kwa shangazi yake, Kilimanjaro, na kila mtu akaamini mambo yamekwisha.

Mwaka jana msichana mmoja aliingia kibandani kwangu na sketi ya shule ya kuongezwa urefu. "Shikamoo, dada. Umenisahau?" Alikuwa yule mtoto wa jirani, amekuja likizo kwa baba yake. Miaka kumi na sita, kanizidi kimo. Tuliongea vizuri, tukacheka. Alinisimulia shule, na shangazi anavyomfuatilia simu. Nilipopiga magoti kupima pindo, akasema juu yangu pale, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, mimi mama namkumbuka kidogo sana. Namkumbuka jikoni kwenu, kuna moshi, amevaa kitenge. Anasema kesho nitakuja tena, mwanangu. Ni hicho tu nilicho nacho."

Futi yangu ya kupimia ilisimama.

"Sauti yake naikumbuka nyembamba, kama ya msichana mdogo," akaendelea. "Ndivyo alivyokuwa?"

Lile jiko halipo tena, shamba letu limekatwa viwanja. Bibi ametangulia. Simu ya mjomba iliangukia mtoni akiosha pikipiki, ikaenda na video yake, na rafiki yangu ameolewa Babati, hataki kuongelea habari hiyo. Lakini mama wa huyu binti nilimfahamu. Alikuwa na sauti nene. Kwaya ya usharika ilimweka mstari wa nyuma pamoja na wanaume, na akicheka kwao, sisi tulisikia tukiwa tunakamua ng'ombe upande huu. Bibi alipenda kusema kwamba mwanamke yule akisali chumbani, jirani anaitikia amina. Wanaoikumbuka sauti hiyo tumebaki wachache, na mwenye haki nayo alikuwa amesimama mbele yangu akiniuliza.

Nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nikazitoa moja moja.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ilikuwa nyembamba."

Akatabasamu, akashukuru, akasema alijua tu.